Rangi ya Ng'ombe, Karatasi ya Nani?

Ukitoka Nairobi kwenda Isiolo, unapita katikati ya ng'ombe bila kujua. Sisemi wale wanaokatiza barabara na kumfanya dereva wa matatu apige honi kama amechanganyikiwa. Nasema majina. Nanyuki imetokana na neno la Kimaa lenye maana ya wekundu. Mlima Kenya, ule unaokaa upande wako wa kulia siku ambayo mawingu yana huruma, kwa Kimaa huitwa Ol Doinyo Keri, mlima wa mabaka, kwa sababu theluji na mawe meusi vimechanganyika kileleni. Ukishapita mji wa Isiolo na kuelekea Archers Post, unakutana na mto Ewaso Ng'iro, na ng'iro ni ule ukahawia wa vumbi na matope. Nyekundu, mabaka, kahawia. Mchungaji Msamburu akitaka kukueleza ni ng'ombe yupi amepotea jana usiku, atatumia maneno hayo hayo.

Hapa ndipo pa kuanzia ukitaka kuelewa historia ya ng'ombe mmoja maarufu ambaye watu wengi wa mjini wamemla bila kumjua jina. Anaitwa Boran. Amepewa jina la watu, Waborana, wanaoishi kusini mwa Ethiopia na kaskazini mwa Kenya, na ambao ni mojawapo ya jamii kubwa za kaunti ya Isiolo. Leo ana vyama, ana kitabu cha nasaba, ana minada, na ana wajukuu Afrika Kusini. Kitu ambacho historia yake inauliza ni rahisi kukisema na kigumu kukijibu: nani anaruhusiwa kuandika jinsi mnyama anavyopaswa kuwa?

Tuanze na wale ambao hawakuandika.

Kwa Kiborana, mweupe ni adi. Mweusi ni guracha, mwekundu ni dima, na yule wa kijivu ni dalacha. Lakini hayo ni ya dume. Akiwa jike, mwisho wa neno unageuka: guracha anakuwa guratti, dima anakuwa dimtu, dalacha anakuwa dalatti. Kwa hivyo mtu akitamka neno moja tu kule malishoni, ameshakupa rangi na jinsia kwa pamoja. Ukiongeza mahali baka lilipokaa, pembe ilivyopinda na sikio lilivyokatwa, tayari una kitambulisho kamili, tena kisichohitaji picha wala foleni ya Huduma Centre. Na majina haya hayaishii kwa ng'ombe. Utakutana na watu Isiolo wanaoitwa Guracha au Dalacha, na hakuna anayeona ajabu.

Waborana si peke yao. Isiolo ni mji wa Waborana, Wasomali, Wasamburu, Waturkana na Wameru, na karibu kila mmoja kati yao ana kamusi yake ya manyoya. Miongoni mwa Waturkana, mwanamume anaweza kujulikana kwa jina linalotokana na maksai wake anayempenda, rangi yake na pembe zake, na akaliimba jina hilo ngomani. Kaskazini zaidi, kwenye bonde la mto Omo nchini Ethiopia, mwanaanthropolojia David Turton aliishi na Wamursi na mwaka 1980 akachapisha utafiti kuhusu majina yao ya rangi. Aligundua kwamba msamiati wao wa rangi ulikuwa msamiati wa ngozi za ng'ombe. Alipowaonyesha kadi za rangi, baadhi ya kadi ziliwapa shida, na jibu lao likawa kwamba hakuna mnyama wa namna hiyo. Kwao rangi bila ng'ombe ilikuwa swali lisilo na maana.

Sasa, kijana wa mjini anaweza kusema, sawa, ni utamaduni mzuri, tuupige picha tuuweke Instagram, tuendelee. Lakini rangi kule si pambo. Mwaka 1977, watafiti wawili, Virginia Finch na David Western, walichapisha katika jarida la Ecology makala kuhusu rangi za ng'ombe wa wafugaji wa huku kwetu. Swali lao lilikuwa: je, makundi yako na rangi zile kwa sababu wenyewe wanazipenda, ama ni jua linalochagua? Walichokuta ni kwamba kadiri mahali panavyozidi kuwa na joto, ndivyo ng'ombe wa rangi nyepesi wanavyozidi kuwa wengi. Kwenye nyanda za juu zenye baridi, weusi na wale wa rangi nzito hawana shida. Sababu ni ya kimwili kabisa. Manyoya meusi hunyonya joto zaidi, mnyama aliyepata joto zaidi hutumia maji zaidi, na maji yakikosekana yeye ndiye wa kwanza kulegea.

Hebu liweke jambo hilo katika nchi ambako ng'ombe anaweza kukaa siku mbili au tatu kabla ya kufika kisimani. Mzee anayesema anapenda ng'ombe weupe hasemi tu kuhusu uzuri. Anasema kuhusu ukame aliouona akiwa kijana, na ule ambao baba yake alimsimulia. Chini ya manyoya yale meupe, Boran mzuri ana ngozi nyeusi, na ngozi hiyo inamkinga dhidi ya miale ya jua. Yaani manyoya yanarudisha joto, na ngozi inazuia kuungua. Hakuna mhandisi aliyekaa chini kuchora mpango huo. Ni karne nyingi za watu kuamua ni dume gani abaki na ni yupi ahasiwe, na za jua kuamua yaliyobaki.

Hivyo ndivyo vigezo vya kwanza vya Boran. Havikuandikwa, lakini vilikuwepo, na vilikuwa na adhabu kali: ukikosea, kundi linakufa.

Kuna namna ya pili ya vigezo, ile ya karatasi, na ili kuielewa itabidi tutoke nje ya zizi kidogo twende kwa paka. Usicheke. Desturi ya kuketi mezani na kuandika kwamba mnyama wa aina fulani awe na masikio ya namna hii na rangi ya namna ile, halafu watu wakutane kumpa alama, ilipata nguvu sana Uingereza katika karne ya 19. Tarehe 13 Julai 1871, katika jumba la Crystal Palace jijini London, msanii Harrison Weir aliandaa maonyesho makubwa ya paka. Miongoni mwa walioonyeshwa walikuwemo paka kutoka Siam, nchi tunayoiita leo Thailand: mwili wa rangi ya maziwa, uso, masikio, miguu na mkia vikiwa vyeusi, macho ya buluu. Sio kila mtu alivutiwa. Kuna aliyewaona kama paka wa jinamizi. Miaka michache baadaye wakawa fasheni. Mwaka 1884 balozi mdogo wa Uingereza jijini Bangkok, Gould, alipeleka kwao jozi moja, Pho na Mia, na dada yake akawa mmoja wa waanzilishi wa klabu ya paka wa Siam mwaka 1901. Klabu ikashika kalamu.

Kitu cha kufurahisha kuhusu paka huyu ni kwamba rangi yake nayo ni hesabu ya joto. Ana hitilafu katika kimeng'enya kinachotengeneza rangi, kiasi kwamba kinafanya kazi pale tu mwili ulipo na ubaridi. Ndio maana anazaliwa karibu mweupe mzima, kwa kuwa tumboni mwa mama kuna joto, kisha ncha za mwili zinaanza kugeuka kuwa nyeusi. Paka wa Siam anayelelewa Isiolo angebaki na mwili mwepesi zaidi kuliko ndugu yake anayetetemeka kwa baridi ya London. Rangi anayo, lakini hali ya hewa ndiyo inayoshika brashi.

Thailand yenyewe ilikuwa na vitabu vyake vya paka kabla ya hayo yote. Vinaitwa Tamra Maew, hati za mashairi na michoro zinazoeleza paka wa heri na wa nuksi, na huyu wetu mmo anaitwa Wichienmaat. Lakini waamuzi wa London hawakusoma Tamra Maew. Waliandika yao. Mkia uliopinda na macho ya makengeza, mambo yaliyokuwa ya kawaida kwa paka wale wa mwanzo, yakahesabiwa kuwa kasoro, wafugaji wakayaondoa. Halafu karne ya 20 ilivyoendelea, ladha ya majaji ikaegemea wembamba: kichwa kikawa kama kabari, mwili ukawa kama mrija. Paka wenye umbo la zamani, lile waliloshuka nalo melini, wakaanza kushindwa kwenye maonyesho ya paka wa Siam. Mwishowe wapenzi wao ikabidi wawasajili kwa jina jingine, Thai. Fikiria hapo. Mnyama amekaa vile vile alivyokuwa, karatasi imehama, na yeye ndiye aliyeambiwa abadilishe jina.

Kenya tuna hadithi inayofanana, na ni ya paka pia. Mwaka 1978, karibu na msitu wa Arabuko Sokoke huko Kilifi, mama mmoja mkazi wa huko aliyeitwa Jeni Slater alikuta watoto wa paka wenye mabaka ya kahawia yaliyomkumbusha mbao. Wagiriama walikuwa wakiwajua paka hao siku zote, na walikuwa na jina lao, kadzonzo, linalofananisha manyoya hayo na gamba la mti. Katika miaka ya 1980 baadhi yao walipelekwa Denmark na rafiki yake, Gloria Moldrup, na miaka ya mwanzo ya 1990 shirikisho la paka la Ulaya, FIFe, likawatambua rasmi kama aina kamili. Jina lililoandikwa likawa Sokoke. Vigezo vyake viliandikwa Ulaya, kwa ajili ya maonyesho ya Ulaya. Paka wa kizazi hicho hicho aliyebaki Kilifi akiwinda panya nyuma ya kibanda cha mahamri hana cheti. Yeye ni paka tu.

Sasa turudi kwa ng'ombe, maana mchezo ni ule ule ila dau ni kubwa zaidi. Paka hakulipii karo ya shule.

Walowezi walipofika nyanda za juu za Kenya mwanzoni mwa karne ya 20, hawakumtaka ng'ombe wa kienyeji. Waliagiza wa Ulaya. Lord Delamere, ambaye jina lake bado liko kwenye bidhaa za dukani, alijaribu kufuga mifugo ya kigeni Njoro, na maradhi yakamfundisha adabu. Ndigana kali haikuulizia ukoo wa fahali. Wakati huo huo ardhi ilikuwa inafunguliwa kwa nguvu: kwa mkataba wa 1904 Wamaasai walisukumwa kuingia Laikipia, kisha kwa ule wa 1911 wakaambiwa watoke tena huko, na kufikia 1913 walikuwa wamehamishiwa kusini. Laikipia ikabaki ya ranchi. Nyasi zipo, maji yapo kiasi, ila ng'ombe wa kustahimili jua na kupe hawapo.

Walikuwepo kaskazini. Wafanyabiashara Wasomali na Waborana walikuwa wakishusha ng'ombe kutoka Ethiopia na kaskazini mwa Kenya: wakubwa wa mwili, wapole, wenye nundu, wenye kutembea mbali na kula majani makavu bila kulalamika. Tangu miaka ya 1920 wenye ranchi walianza kuwanunua na kuchagua humo. Isiolo ilikuwa mlango. Serikali ya kikoloni iliweka hapo karantini ya mifugo, na ng'ombe wa kaskazini hawakuruhusiwa kushuka hivi hivi. Sababu iliyotolewa ilikuwa magonjwa, hasa homa ya mapafu ya ng'ombe, na ugonjwa wenyewe ulikuwa wa kweli. Sotoka ya miaka ya 1890 ilikuwa bado iko kwenye kumbukumbu za watu. Lakini karantini ilifanya kazi ya pili pia. Ililinda soko la mlowezi. Mborana hakuweza kuuza apendapo wala wakati apendao, na hata yeye mwenyewe alihitaji ruhusa kusafiri, kwa sababu tangu sheria ya 1902 eneo la kaskazini lilikuwa limefungwa. Katika miaka ya 1930 serikali hiyo hiyo iliwahamisha Waborana wengi kutoka upande wa Wajir hadi kando ya Ewaso Ng'iro. Ndio hao Waborana wa Waso, wa Isiolo ya leo.

Kwa hiyo tazama picha yote. Mnyama anavuka lango. Mwenyewe anabaki nyuma ya lango.

Upande wa pili wa lango kalamu ikaanza kazi. Mwaka 1951 wenye ranchi waliunda chama chao cha wafugaji wa Boran, BCBS kwa kifupi, ambacho kipo hadi leo. Wakaweka vigezo. Boran awe na mwili mpana na wa kina, miguu isiyo mirefu sana, nundu iliyokaa vizuri, ngozi ya shingo inayoning'inia, ngozi nyeusi chini ya manyoya, na awe mtulivu. Mtamba azae mapema, na mama awe na maziwa ya kutosha kumnyanyua ndama. Tuseme ukweli, walifanya kazi nzuri. Boran wa ranchi ana nyama zaidi, anakua haraka, na bado anastahimili jua. Shamba la serikali la ADC Mutara huko Laikipia linatunza kundi la taifa la Boran, na wataalamu Wakenya wamelifanyia kazi kwa miaka mingi. Si kila kitu kilichotoka kwenye ranchi ni wizi, na mtu asikudanganye.

Lakini soma orodha ile mara ya pili utafute rangi. Haina sharti. Boran anaweza kuwa mweupe, kijivu, kahawia, mwekundu, mwenye mabaka, hata mweusi. Kwa paka wa Siam rangi ndiyo kila kitu, ukikosa rangi umekosa jina. Kwa Boran wa karatasi rangi ni ziada tu.

Mwanzoni inaonekana kama uhuru. Mimi naona kitu kingine. Kila orodha ya vigezo ni swali ambalo mtu anamuuliza mnyama. Bibi wa London alimuuliza paka: unapendeza vipi kwenye meza ya maonyesho? Mwenye ranchi alimuuliza ng'ombe: utanipa kilo ngapi, na baada ya muda gani? Hakuhitaji kumuita kwa jina. Alikuwa na waya wa kuzungushia shamba, alikuwa na namba sikioni, alikuwa na bwawa la maji kila upande. Mchungaji wa Isiolo hana waya. Anamuuliza ng'ombe maswali matatu kwa mpigo: nitakutambuaje katikati ya mia tano kisimani? Utavuka jua la Februari? Na ukiibiwa, nitamweleza vipi mtu wa mbali ajue ni wewe? Majibu ya maswali hayo yote yamo kwenye rangi. Kwa hiyo karatasi ya 1951 ilipima karibu kila kitu, ikaacha kile ambacho wenyewe walikuwa wakikitumia kumwita mnyama wao.

Baada ya hapo historia haikuwa sawa kwa pande mbili hizi. Uhuru ulikuja tarehe 12 Desemba 1963, na tarehe 28 mwezi huo huo hali ya hatari ikatangazwa kaskazini. Vita tunavyoviita vya Shifta vilidumu hadi 1967. Isiolo, familia za wafugaji zilikusanywa kwenye vijiji vya kulindwa na wanajeshi, Garba Tulla na Merti vikiwemo, na mifugo ikapigwa risasi, ikanyang'anywa, au ikafa kwa kukosa malisho ya kuhamia. Waborana wa Waso wanauita wakati huo Gaf Daba, wakati wa kusimamishwa. Makundi yaliyochukua vizazi kuchaguliwa yaliisha ndani ya miaka minne. Katika miaka hiyo hiyo, ranchi za Laikipia ziliendelea kuandika nasaba kwenye vitabu. Mmoja alikuwa na karatasi na ng'ombe. Mwingine alibaki na maneno, kwa sababu maneno hayapigwi risasi.

Leo mwendo umekuwa wa kasi zaidi. Katika miaka ya 1990 viinitete vya Boran wa Kenya vilisafirishwa hadi Afrika Kusini, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 wafugaji wa huko wakaanzisha chama chao. Dume mmoja mwenye karatasi nzuri anaweza kuuzwa mnadani kwa bei ya gari. Huku kwetu, lami ya Isiolo hadi Moyale, kilomita kama 500, ilikamilika katikati ya muongo wa 2010, na lori linashusha kwa siku moja ng'ombe ambao zamani wangetembea majuma. Sokoni Isiolo dalali anamtazama ng'ombe mgongoni na mapajani, anakadiria kilo, anataja bei. Kama ana jina, halisaidii. Akifika Nairobi ni kilo tu.

Kisha ukaja ukame wa 2020 hadi 2023. Misimu mitano ya mvua mfululizo ilifeli, na zaidi ya mifugo milioni 2 ilikufa nchini. Wafugaji wengi wa Isiolo wamegeukia ngamia, na ukiangalia anga utaona wana sababu. Wengine wanaanza upya na ng'ombe, na hapo ndipo karatasi inaporudi mlangoni. Ukianza upya, unachukua dume gani? Yule aliyeboreshwa ana sifa zote zilizoandikwa, ila alichaguliwa kwenye ranchi zenye maji ya karibu. Yule wa kienyeji ni mdogo, hukua polepole, na hana cheti, ila amepita mtihani ambao hakuna jaji wa maonyesho anayeweza kuusimamia. Watafiti wa mifugo wamekuwa wakionya kwamba Boran wa asili anapungua hata kwake Ethiopia, kwa kuchanganywa na wengine na kwa malisho kuzidiwa na vichaka. Akiisha, hata wenye karatasi watapata hasara, kwa sababu siku watakapotaka kurudi kwenye chanzo watakuta hakuna chanzo.

Na hakuna anayemlinda kisheria kama unavyodhani. Fungua Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 11. Inaliagiza Bunge litunge sheria ya kuhakikisha jamii zinalipwa utamaduni wao unapotumiwa, na sheria ya kutambua na kulinda umiliki wa mbegu na mimea ya asili. Mbegu na mimea. Mkulima ametajwa, na ni haki yake. Mfugaji atafute pa kujishikiza. Mtama wa bibi yako uko kwenye Katiba. Ng'ombe wa babu yake Mborana, aliyebeba jina la watu wake hadi ng'ambo, hayumo.

Sipendekezi tuende Laikipia kudai ng'ombe mmoja mmoja. Wala sisemi kitabu cha nasaba ni dhambi; mzee wa Kiborana naye anakumbuka mama wa mama wa ng'ombe wake, tofauti ni kwamba kitabu chake kiko kichwani. Tatizo ni pale kitabu kimoja kinapohesabiwa kuwa elimu na kingine kuwa hadithi za jioni. Waamuzi wa London walikuwa na nafasi ya kusoma Tamra Maew. Hawakuisoma, na karne moja baadaye ilibidi paka wa asili atafutiwe jina jipya. Sisi bado tuna muda, maana kitabu chetu bado kinapumua. Kinakaa pale sokoni kwenye kivuli, kimeshika fimbo, kinakunywa chai ya maziwa.

Kazi iliyopo haihitaji ruzuku kubwa. Kuna vijana wa Isiolo wenye simu nzuri kuliko kamera nyingi za magazeti. Rangi arobaini za ng'ombe, picha arobaini, sauti ya mtu mzima ikitaja kila moja kwa Kiborana, Kisamburu, Kiturkana cha Waturkana wenyewe, na sababu ya kila moja kupendwa au kuogopwa. Hicho tayari ni kitabu cha vigezo. Siku Bunge litakapoketi kuandika sheria ya mifugo ya asili, mtu atauliza ushahidi uko wapi kwamba ng'ombe huyu alitengenezwa na watu, na watu wenyewe ni kina nani. Itafaa kuwe na kitu cha kuweka mezani, chenye dalatti ndani yake, na dimtu, na guratti, kila mmoja kwa jina lake.